Kabla Hujapanda Jukwaani kwa Bwana Hendrik

Mkunazini, Unguja
Baada ya alasiri

Mwanangu Idrisa,

Salamu umeshanipa asubuhi kabla hujakwenda Matemwe kumuaga bibi yako, nami nimeshakuitikia, kwa hiyo hapa sitazirudia. Utakaporudi jioni utaikuta barua hii juu ya mto wako. Isome humo humo chumbani, na ukishamaliza mpe mama yako aitie jikoni pamoja na vifuu. Sitaki uondoke nayo. Kesho watakupekua mizigo uwanja wa ndege, na siku hizi wanasoma kila chenye maandishi, hata karatasi iliyofungiwa halua.

Habari za sweta, za nyama ya halali na za kuvuka barabara za watu, mama yako atakueleza, na akishakueleza atakueleza tena. Mimi nina jambo moja tu. Ningeweza kukwambia kwa mdomo, lakini najijua. Nikiogopa hupandisha sauti, na majirani zetu wana masikio mazuri kupita kiasi.

Juzi nilipita mlangoni kwako nikakusikia unafanya mazoezi ya hotuba. Ulikuwa umesimama mbele ya kioo cha kabati, unasema Kiingereza taratibu, unapumzika panapotakiwa kupumzika. Nikasimama na viatu vyangu mkononi, nimejaa fahari, najiambia huyu mtoto anajua kusema kuliko mimi. Mpaka ulipofika mahali pale. Ukasema, ami yangu anaitwa Khamis bin Juma bin Ali, fundi wa saa, wa Mkunazini. Hapo nikakaa kitako kwenye ngazi.

Hotuba hiyo najua ni ya wapi. Bwana Hendrik ameandika kwamba wiki utakayofika Uholanzi, Jumamosi yake, kutakuwa na mkutano katika mji wao, kwa sababu uchaguzi uko karibu, na angependa kijana kutoka Zanzibar asimame pembeni yake aseme maneno mawili matatu. Wewe umeiona heshima. Mimi nimeliona jukwaa, na mbele ya jukwaa nimewaona watu walioshika kalamu. Hofu yangu yote ni hiyo, mwanangu: utakalolisema pale juu, na namna litakavyotufikia sisi tuliobaki huku chini.

Alipokuja mara ya kwanza wewe ulikuwa bado unavaa kaptula. Ulikuwa mwaka ule ule wa Mapinduzi, mji haujatulia, milango mingi imefungwa na wenye nyumba hawajulikani walipo. Bwana Hendrik hakuwa mwanasiasa wakati huo. Alikuwa mwandishi wa gazeti la mji wao, kijana mrefu, shingo imeiva kwa jua, na taipureta yake hakumruhusu mchukuzi aiguse. Mimi nilikuwa nimekaa tu nyumbani. Gazeti letu lilikuwa limefungwa, na Kiingereza changu chote kilikuwa hakina kazi isipokuwa kusoma maandishi ya makopo ya maziwa. Wakamtafutia mkalimani, nikapatikana mimi.

Nilimpenda kwa namna alivyofanya kazi. Sisi huku, na mimi wa kwanza, tulikuwa tukimuuliza mtu huku nusu ya jibu tumeshaiandika. Yeye aliuliza, kisha akanyamaza. Akanyamaza mpaka aliyeulizwa akaona aibu ya ule ukimya, akasema lile alilokuwa hataki kulisema. Nilimtazama nikafikiri, hii ndiyo kazi niliyoidhani naifanya miaka yote. Ukienda kujifunza uandishi wa magazeti, hilo utafundishwa, na ni jambo jema. Lakini hawatakufundisha upande wa pili, wa yule aliyesema kwa kuona aibu.

Sasa nije kwa ami yako. Wewe unayajua ya mwisho, hukuwahi kuelezwa ya mwanzo, kwa sababu mwelezaji alikuwa mimi na mimi sikutaka.

Siku moja baada ya swala nilimleta Bwana Hendrik kwenye baraza ya nyumba yetu. Palikuwa na watu wa mtaani, wale wale wa kila siku, na Khamis mdogo wangu ndiye aliyekuwa akimimina kahawa. Unajua adabu yetu. Mgeni hakai na watu asiowajua. Basi nikamjulisha mmoja mmoja, kama nilivyofunzwa na baba yangu: jina la mtu, la baba yake, la babu yake, mtaa wake na kazi yake. Kumtaja mtu jina moja tu mbele ya mgeni ni kumfanya hana kwao. Bwana Hendrik akaniomba nimtajie herufi moja moja ili asikosee. Nikamtajia kwa furaha. Katika kazi yangu, kitu cha kwanza nilichofundishwa ni kwamba gazeti likikosea jina la mtu limemvunjia heshima. Nilichungulia daftari lake nikahakikisha kila herufi imekaa mahali pake.

Khamis alikuwa mtu wa mzaha, hilo unalikumbuka. Bwana Hendrik akamuuliza, maisha yako yamebadilika vipi, kisha akanyamaza kama kawaida yake. Khamis naye hakuweza kuvumilia ukimya. Akasema, "Zamani baskeli yangu ikiibiwa usiku na mwizi, nnalala na hasira. Siku hizi inachukuliwa mchana kweupe, na anoichukua ananambia ahsante ndugu. Si tumeendelea hivyo?"

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikatafsiri, na kwa kuwa mzaha ukitafsiriwa hupoa, nikauongeza chumvi kidogo kwa Kiingereza. Bwana Hendrik akacheka hata kahawa ikamwagika kwenye suruali. Sote tuliona ni jioni nzuri. Haikunipitia akilini, wallahi, kwamba nilikuwa nimemkabidhi mtu asiyemjua ndugu yangu mzima, kuanzia babu yake mpaka mlango wa kibanda chake cha saa.

Alirudi kwao akaandika. Hakuandika uongo hata neno moja. Baadaye gazeti jengine la huko nje likayafasiri kwa Kiingereza yale aliyoyaandika, na gazeti hilo likapita mikono mingi mpaka likafika kisiwani. Siku moja alasiri likaja gari na watu wawili. Khamis alikuwa amefungua saa ya mtu mezani. Akavichukua vile vidude vidogo vidogo vya ndani, akavifunika na gilasi visipeperuke, akamwambia mkewe Bi Salma, "Nnakuja sasa hivi." Hajaja mpaka leo.

Mimi nikaitwa siku chache baadaye. Mtu aliyenihoji hakuwa mkali. Aliniwekea ukurasa ule mbele yangu, na mzaha wa baskeli nikauona, na chumvi yangu ndani yake, na jina la mdogo wangu limeandikwa bila kosa. Akaniuliza, "Nani aliyempa mgeni majina haya?" Nikasema sijui, pengine aliuliza mwenyewe. Akaniambia haya, nenda. Nikaenda, Idrisa. Nikarudi nyumbani nikala chakula alichopika mama yako. Tangu hapo sijawahi kuwa mtu asiyeogopa. Gari likipunguza mwendo mtaani petu, huacha ninalolifanya mpaka lipite. Hata skuli ninakofundisha sasa, mlango wa darasa ukigongwa, chaki hunidondoka, na wanafunzi wanacheka wanadhani ni uzee.

Kwa upande wa Bwana Hendrik mambo yalinyooka. Yale aliyoyaandika kutoka hapa yalimpa jina. Wakampandisha cheo gazetini, kisha wakawa wanamwita redioni kueleza habari za nchi za mbali, kisha wenye chama wakamwona anajua kusema wakamwomba agombee. Akashinda, akaingia bungeni. Alituletea kadi yenye picha yake ya uchaguzi, nywele zimechanwa, amevaa tai, na mama yako akauliza huyu bwana anaoa tena. Nyuma ya kadi aliandika kwamba amechoka kuandika yanayotokea, sasa anataka kuyabadilisha. Nimeisoma sentensi hiyo mara nyingi. Naamini aliiandika kwa moyo safi. Sijapata kumwona na moyo mwengine.

Lakini nimemwona tena tangu awe mbunge, na hapo ndipo hofu yangu ilipopata umbo. Alikuja na wageni wenzake kutoka bara, wakapelekwa Michenzani kuonyeshwa yale majumba marefu yanayojengwa. Skuli ikaniruhusu nikatafsiri. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilipomkaribia akanikumbatia mbele ya wote, akaniita rafiki yangu wa zamani. Mkuu aliyekuwa akiongoza ule msafara, mtu mzima mwenye heshima zake, akanitazama mimi, akamtazama yeye, akanitazama tena. Nikatoa tabasamu la mtu anayekumbatiwa kwa makosa.

Basi tunatembea kwenye vumbi la saruji, vijana wa kujitolea wamejipanga wanapokezana matofali, na Bwana Hendrik anauliza maswali. Hapo nikagundua kwamba hanyamazi tena. Alikuwa akiuliza na kutikisa kichwa kabla jibu halijafika, kisha anageuka kutazama mpiga picha yuko wapi. Sikumlaumu. Ile ya gazeti ilikuwa kazi ya kusikiliza, na hii ni kazi ya kusikilizwa. Mara akasimama, akasema kwa sauti yake kubwa ya kibunge, "Na yule ndugu yako mchekeshaji, yule wa kahawa na baskeli, hajambo?"

Mkuu akaniuliza, "Anasemaje mgeni?"

Nikasema, "Anauliza kama kahawa ya Unguja bado ni nzuri."

Mkuu akafurahi. "Mwambie ipo, na leo atakunywa."

Nikamgeukia Bwana Hendrik nikamwambia kwa Kiingereza, "Hajambo, anakusalimu."

Hivyo ndivyo nilivyomzika mdogo wangu, kati ya lugha mbili, huku nikitabasamu.

Kwa hiyo elewa hili. Bwana Hendrik hajui kilichompata Khamis. Sikuwahi kumwandikia, kwa sababu barua zinafunguliwa. Anadhani ule mzaha uliishia kwenye karatasi. Aliponiandikia kwamba anaweza kukupatia nafasi ya masomo kule kwao, nilijiuliza kama kuna siku alinitazama vizuri pale Michenzani akahisi kitu. Sijui. Labda ni ukarimu tu. Yeye ni mkarimu, na hilo ndilo linalonitia hofu zaidi, kwa sababu mtu mbaya ungejihadhari naye mwenyewe, nisingehitaji kukuandikia.

Sasa wewe ndiye utakayemwambia. Nimelifikiria sana namna yake. Usimwambie jukwaani. Mwambie mkiwa mnatembea wawili, au mezani kwake watoto wake wameshaondoka. Mwambie kwamba yule mtu alichukuliwa, na kwamba alichukuliwa kwa jina lake. Kisha mtazame. Akinyamaza, ukimya ule wa zamani, basi mwandishi yumo bado ndani ya mbunge, na unaweza kumweleza yaliyobaki. Lakini ukiona anatafuta kalamu, au anakwambia hili lazima watu walisikie Jumamosi, meza maneno yako, omba maji ya kunywa, uliza habari za hali ya hewa. Wazungu hawachoki na habari za hali ya hewa.

Mambo ya hapa uliyoyaona kwa macho yako ni yako. Foleni ya mchele umeisimamia mwenyewe tangu alfajiri. Matofali ya Michenzani umeyabeba kwa mabega yako, na majumba yale yana maji ya bomba na umeme, hilo nalo usiache kulisema, maana ni kweli. Sema yako yote. Lakini ukifika mahali pa kusema, alinambia fulani, hapo funga breki. Fulani ana mke. Bi Salma bado anakaa chumba kile kile, na Juma mwanawe ndiyo kwanza ameanza kazi bandarini. Jina la Khamis likitajwa Uholanzi kwenye uchaguzi wa watu, hakuna mtu wa Uholanzi atakayegongewa mlango.

Hayo ndiyo niliyokusudia kukuandikia, na nilidhani nitaishia hapo. Lakini nimekaa na kalamu mkononi, magharibi inakaribia, na naona sijakwambia yote.

Nakusikia unavyonijibu. Utasema, baba, wewe umenyamaza miaka yote hii, na kimya chako kimemrudisha nani? Katika nyumba hii tumeacha hata kulitamka jina lake. Mama yako husema yule. Mdogo wako wa kike hajui kama amewahi kuwa na ami. Bi Salma alikuja Idi iliyopita, akakaa pale kwenye mkeka, akasubiri mtu amtaje mumewe hata kwa dua, na mimi nikamwomba ale vileja zaidi. Alipoondoka aliniangalia kwa huruma. Yeye kunionea huruma mimi. Nilidhani namlinda, kumbe nimemnyima kitu cha mwisho alichobakiwa nacho.

Ndiyo maana siwezi kukukataza. Nataka kukukataza, ila kila nikitaka kuliandika neno hilo naona ni lile lile nililomjibu yule aliyenihoji. Sijui, pengine aliuliza mwenyewe. Siwezi kukupa jibu hilo ulichukue Ulaya ukaishi nalo. Mimi limeshanila, na mtu mmoja anatosha kwa nyumba moja.

Limebaki jambo ambalo mama yako halijui, na usimwambie.

Jana niliitwa ofisini kwa habari ya ruhusa yako ya kusafiri. Kijana aliyekaa pale nimemfundisha. Akasimama, "Shikamoo mwalimu." Nikaitikia marahaba, tukaulizana hali. Kisha akaniambia kwa upole kwamba anayekwenda kusoma nje lazima adhaminiwe na jamaa zake. Asiporudi, au akisikika anasema yasiyofaa huko, wadhamini ndio watakaojibu. Wanatakiwa wawili, na wawe wa ukoo wa baba. Akaangalia karatasi zake, akasema, "Nnaona kuna Juma bin Khamis, mtoto wa mdogo wako. Yeye atafaa. Au mamake, kwa niaba yake."

Nikamwambia, "Niandike mimi tu."

"Mwalimu, lazima wawili."

Nilijua jina la Juma likishaingia pale halitoki. Nikamwambia, "Basi niandike mara mbili."

Hakucheka wala hakukasirika. Alichovya kalamu, akaandika jina langu na la baba yangu na la babu yangu, akashuka mstari wa chini, akaandika tena.

Kwa hiyo nenda, Idrisa. Jumamosi ukisimama pale juu, sema utakaloona wewe mwenyewe kwamba ni haki kulisema. Hofu yangu ni kubwa na haitapungua, sikudanganyi. Lakini akitakiwa mtu huku, hawana haja ya kwenda kwa Bi Salma. Nimeshaandikwa mara mbili.

Baba yako